Aliposhushwa Kaburini, Nilikuwa Nimesimama Nesitu

Kambi yetu ilikuwa kilomita chache kupita Nesitu, ukitoka Juba, kusini mwa Sudan, kuelekea Nimule mpakani mwa Uganda: mahema kumi na mawili, kontena mbili za ofisi, tangi la maji, na seng'enge kuzunguka vyote. Nje ya seng'enge kulikuwa na mawe. Mawe yaliyopakwa rangi nyeupe yalisema pita. Mawe mekundu yalisema rudi. Nyuma ya yale mekundu kulikuwa na mabomu yaliyofukiwa ardhini wakati wa vita, mengine na jeshi la serikali, mengine na waasi, na hakuna aliyebaki na ramani. Waliokuja kuyatoa walikuwa Wakambodia, wanaume wafupi wapole ambao watu wa Nesitu waliwaita Wachina bila kuwauliza.

Mimi nilikuwa mkalimani wao. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mkataba wa amani ulikuwa bado mbichi kiasi kwamba watu waliutaja kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyelala. Wazazi wangu ni Wabari. Mama alinikimbiza Kenya nikiwa na miaka mitano, nikakulia huko, nikarudi peke yangu na begi moja na vyeti. Nilikuwa na Kibari cha mama, Kiswahili na Kiingereza cha shule, na Kiarabu cha Juba nilichokuwa nikijifunza kwa kuchekwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa na wanawake wa vijiji vya karibu na kuwauliza: Mbuzi alikufa wapi? Askari walipiga kambi wapi? Njia ipi mliiacha, na kwa nini? Kisha nilikuwa nikiwafundisha watoto wao maana ya mawe mekundu. Nilifundisha vizuri. Watoto walinikimbilia wakiimba, "Nyekundu, simama! Nyekundu, simama!"

Tulikuwa tukiingia kambini wiki sita, tunatoka siku nne. Katika hizo wiki sita hukuruhusiwa kwenda popote bila gari, bila redio ya mkononi na bila mtu wa pili. Ukienda kuoga, seng'enge. Ukienda chooni, seng'enge. Ukitazama milima, unaitazama kupitia seng'enge. Watu huko Juba walinionea wivu kwa sababu nilikuwa na kazi. Sikuwahi kumweleza yeyote kwamba jioni nilikuwa nikizunguka ndani ya uzio kama kuku aliyenunuliwa, nikihesabu nguzo.

Kilichonishikilia ni redio ndogo, na ndani ya redio, mtu mmoja.

Alikuwa mchekeshaji. Nilimwona mara ya kwanza kambini Kenya, nikiwa msichana wa miaka tisa, kwenye mstari wa kupokea chakula. Alikuwa kijana mrefu mwembamba kama mwanzi, mkimbizi kama sisi, na kazi yake aliyojipa mwenyewe ilikuwa kutembea kando ya mstari akiwaigiza wenye mizani: jinsi wanavyoinamisha shingo kusoma kilo, jinsi wanavyopapasa mfuko wa unga kana kwamba una homa. Baba alikuwa amekufa mwaka ule. Mama hakuwa ametoa sauti ya furaha kwa miezi, mpaka asubuhi ile alipoinama, akashika tumbo, nikadhani anaumwa. Alikuwa anacheka. Tangu siku hiyo nilimpenda yule mtu kwa namna ambayo watoto huwapenda wale wanaowarudishia mama zao.

Nilipofika Juba nilikuta naye amerudi, na sasa ana jina. Alikuwa na kipindi redioni, na Jumamosi alasiri alipanda jukwaani pale Nyakuron, katika ukumbi wa utamaduni, akiwa na suti iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu, buti za jeshi zisizofungwa kamba, na kikombe cha chai mkononi. Aliongeza sukari mbele yetu, kijiko baada ya kijiko, akihesabu kwa lugha tofauti kila kijiko, na alipofika cha sita watu walikuwa wameshaanza kulia kwa kicheko kabla hajasema neno.

Mchezo wake niliouhifadhi moyoni ni ule wa madirisha. Mtu amerudi kutoka uhamishoni anatafuta karatasi ya serikali. Dirisha la kwanza wanamwambia, hii fomu ni ya Kiarabu, nenda la pili. La pili wanamwambia, siku hizi ni Kiingereza, nenda la tatu. La tatu wanamwuliza kwa lugha ya kabila lao, naye si wa kabila hilo. Mwishowe anachoka, anakaa chini na kulalamika kwa Kiswahili. Askari anakuja mbio: "Kumbe wewe ni Mganda!" Na mtu wetu anakamatwa kwa kosa la kuvuka mpaka kuingia nyumbani kwao.

Ukumbi mzima ulikuwa wa watu kama mimi. Mchana mmoja kabla ya hapo, mwanamke wa sokoni alikuwa amekataa kuniuzia bamia mpaka niseme nimetoka wapi. "Ita min wen?" aliniuliza, wewe umetoka wapi, mara tatu, na kila nilipojibu, matamshi yangu yalizidi kunisaliti. Nilirudi mtaa wa Atlabara kwa shangazi yangu bila bamia na bila hamu ya kula. Pale Nyakuron nilicheka hadi kamasi zikanitoka. Yule mtu alikuwa ameichukua aibu yangu, akaivalisha suti fupi, akaifanya itembee mbele za watu. Hakunijua. Hatukuwahi kusalimiana. Lakini katika wiki zangu sita za seng'enge, kipindi chake cha asubuhi kilikuwa ndio mlango.

Asubuhi moja ya mvua, saa moja, nikiwa nimekaa jikoni na mpishi wetu, redio ilisema amefariki. Malaria. Siku tatu tu. Maziko yangekuwa siku hiyo hiyo saa nane mchana.

Mpishi alikuwa mama wa makamo aliyekuwa ameishi Uganda miaka mingi, Kiswahili chake cha huko. Alizima jiko. "Malesh, pole, mtoto yangu," akasema. "Yeye ile mtu ya sukari? Yeye iko kijana bado." Akakaa chini karibu yangu.

Nilikwenda kwa mkuu wa kambi. Alikuwa khawaja mmoja mrefu, mzungu mstaafu wa jeshi la kwao, si mtu mbaya. Nilimwomba ruhusa ya siku moja. Akaniuliza aliyekufa ni nani yangu: mzazi, mume, mtoto, ndugu? Kanuni ya likizo ya msiba ilikuwa na hao wanne. Ningeweza kusema ndugu. Katika nchi yetu nani asingeitwa ndugu? Lakini nilikuwa mkalimani, nimezoea kutafsiri sawasawa, na mdomo wangu ukasema, "Si mtu wangu. Ni mchekeshaji."

Alinitazama kwa huruma ambayo iliniuma kuliko ukali. Akasema isitoshe barabara imefungwa. Jana yake mvua ilikuwa imechimba ufa katikati ya njia na kufunua bomu la kuvunja magari, kati yetu na Nesitu. Mpaka litolewe, hakuna gari lingepita kwenda wala kurudi. Malori yote yalikuwa yamegeuzia Nesitu.

Nikarudi hemani. Nikakaa kitandani. Kuta za hema zilikuwa zinapumua na upepo, na nilihisi zinanikaribia. Nilifikiri: kama nitabaki humu leo, nitabaki humu maisha yangu yote. Sijui wazo kama hilo hutoka wapi, ila lilikuja na nguvu ya amri.

Kulikuwa na njia ya miguu nyuma ya kambi, iliyozunguka kipande kile kilichofungwa na kutokea Nesitu kwenyewe. Kutoka hapo ningepata lori, nivuke daraja la Nile, nifike Juba kabla ya saa nane. Njia hiyo ilikuwa nyuma ya mawe mekundu. Lakini mwanamke mmoja alikuwa ameniambia wiki iliyotangulia kwamba mbuzi wake hupita huko na kurudi. Nilikuwa nimeiandika habari hiyo mwenyewe, na chini yake nikaandika: haijathibitishwa.

Redio ya mkononi niliiacha kitandani, maana wangeniita. Saa tatu na nusu nilipita kwenye kitobo cha seng'enge karibu na choo na kuvuka mawe.

Nilitembea haraka, nikikanyaga palipokuwa na samadi ya mbuzi. Hatua kumi, ishirini, thelathini. Kisha samadi ikaisha. Sikutambua ilipoishia. Niliinua macho nikaona, hatua mbili mbele yangu, kitu cha duara cha rangi ya kijani iliyofifia, kama mfuniko wa bakuli uliosahauliwa kwenye matope. Mvua ilikuwa imekiosha. Nilikuwa nimewaonyesha watoto picha ya kitu hicho mara mia.

Niligeuza shingo kutazama nyayo zangu ili nizirudie. Nyuma yangu palikuwa na nyasi fupi ngumu na kokoto. Nyasi zilikuwa zimeshasimama tena. Sikuacha alama.

Nikapiga kelele. Sikumbuki nilipiga kwa lugha gani. Mpishi ndiye aliyenisikia, akaja mpaka kwenye mawe na mikono kichwani. "Mama yangu! Kaa hapo! Usifanya kitu! Usifanya kitu hata moja!" Akakimbia.

Walikuja wote. Mkuu wa kambi hakunikaripia, aliuliza tu kama nimeumia. Kisha kiongozi wa kikosi cha kwanza akavaa aproni yake nzito na kofia yenye kioo, akapiga magoti penye mawe, na kuanza kunijia.

Huyu alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, kimya, ambaye nilikuwa nimefanya naye kazi mwaka mzima bila kujua chochote chake isipokuwa kwamba alikuwa ameishi hekaluni kama mtawa ujanani, kabla ya jeshi, na kwamba wenzake walimwinamia kidogo walipopita mbele yake. Kiswahili alikuwa amekiokota kwa madereva wa malori wa Nesitu, akakichanganya na Kiingereza chake kidogo, na alikizungumza bila aibu yoyote. Nilimwonea wivu kwa hilo.

Kulikuwa na mita ishirini na kitu kati yetu. Yeyote aliyeona kazi ile anajua maana yake. Unapitisha mashine ya kusikiliza chuma juu ya ardhi, upana wa mita moja. Ikilia, unalala kifudifudi na kuichokoa ardhi kwa chuma chembamba, kwa pembe ya ulalo, kidole kwa kidole, mpaka ujue ni msumari, ni ganda la risasi, au ndicho chenyewe. Kisha unasogea. Vita ilikuwa imemwaga chuma kila mahali, na mashine ililia kila mara.

Kwa nusu saa ya kwanza nilisimama vizuri. Kisha nikaanza kulia, na kulia kukashuka mabegani, kukafika kiunoni, nikaanza kuyumba.

"Wewe!" Sauti yake ilitoka chini ya kioo. "Lia. Lia tu. Lakini usilie na mguu."

Nikakaza miguu.

Kanuni yao ilikuwa kwamba mtu akifanya kazi kwa muda fulani lazima apumzike. Mwenzake alitaka kumpokea, akakataa. Alirudi nyuma hatua mbili kwenye njia aliyokwisha kuisafisha, akachuchumaa, akainua kioo, akanitazama.

"Nani imekufa?"

"Yule mchekeshaji wa redio."

"Ndugu yako?"

"Hapana."

"Yeye najua wewe?"

"Hapana. Hajawahi kuniona."

Nilingoja aone upuuzi wangu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la kawaida. "Ndiyo," akasema. "Mama yangu pia."

Hadithi ya mama yake alinisimulia kwa vipande, kila alipopumzika, nami naiunganisha hapa kwa maneno yangu. Mama yake alikuwa mkulima wa mpunga, na alikuwa akimpenda mwimbaji mmoja wa kike wa mji mkuu ambaye hakuwahi kumwona, alimsikia tu kwenye redio ya jirani. Kisha nchi yao ikashikwa na watu waliowatoa wote mijini, wakawapeleka mashambani kufanya kazi mpaka wafe, na waimbaji waliuawa kama walivyouawa walimu. Kuimba nyimbo za zamani kukawa kosa la kifo. Yeye alikuwa mtoto, anafanya kazi ubavuni kwa mama yake ndani ya maji, na aliona midomo ya mama ikicheza bila sauti. Alikuwa akiimba. Miaka ilipopita na watu wale wakaondolewa, mama aliuliza habari za yule mwimbaji kwa kila mtu aliyetoka mjini. Hakuna aliyejua alifia wapi. Mama alikuwa amezika watoto wawili na mume, lakini huyu asiye na kaburi ndiye aliyemsumbua usingizini. Kila mwaka, kwenye sikukuu yao ya kuwalisha wafu, alifinyanga tonge la wali kwa kila mfu wake, na la mwisho kwa mwimbaji.

"Nikauliza mtawa mkubwa," akasema. "Hii wali nafika kwa mtu si ndugu? Yeye nasema, sijui. Lakini naona mama yako narudi nyumbani mwepesi."

Akashusha kioo, akarudi kwenye magoti.

Jua lilitoka. Nyasi zikaanza kutoa mvuke. Sikuwa na maji. Walijaribu kunirushia chupa, mkuu wa kambi akawakataza, isije ikaangukia pabaya. Nilijua saa kwa kivuli changu tu: kilikuwa kinajificha chini yangu. Nikafikiri, sasa wamemtoa kanisani. Sasa wamembeba. Shangazi yangu yuko pale, amesimama mahali pangu. Niliona jeneza refu kupita kawaida, niliwaona wale walioigiza naye wakilishika, na mwili wangu ukavutwa mbele kana kwamba mtu ameshika ukosi wa nguo.

"Wewe iko wapi?" akauliza. Hakuwa ameinua kichwa. Sijui alijuaje.

"Niko hapa."

"Hapana. Kichwa yako iko Juba. Mguu iko hapa. Rudisha kichwa kwa mguu." Akachokoa, akatoa msumari, akautupa kwenye kopo. "Mguu ya kushoto nasikia nini?"

Nilitaka kumtukana. Lakini nikasikiliza. Mguu wa kushoto ulikuwa unasikia kokoto moja chini ya kidole gumba, kupitia soli.

"Kokoto," nikasema.

"Mzuri. Sasa pumzi. Hesabu moja mpaka kumi. Ukipotea, rudi moja. Kupotea si shida. Kurudi ndiyo kazi."

Sijawahi kufika kumi siku ile. Nilifika nne, nikapotea Nyakuron, nikarudi moja. Nilifika sita, nikapotea kwa mama, nikarudi. Huzuni haikupungua hata kidogo, niseme kweli. Ila iliacha kuwa amri. Ilikuja, ikajaa, ikatingisha mwili, na kwa kuwa sikuifuata wala kuikimbia, ikakaa, kisha ikapungua nguvu yenyewe, kisha ikaja nyingine. Nilikuwa nimefungwa kutoka kila upande, na kwa mara ya kwanza tangu niingie kambi ile sikuwa natafuta pa kutokea.

Saa nane ilipofika, mpishi aliyekuwa bado kwenye mawe na redio yangu ndogo sikioni aliniita kwa sauti: "Nashusha yeye sasa, mtoto yangu! Nashusha!" Wanaume wote waliokuwa pale wakavua kofia, Wakambodia wakaunganisha viganja vifuani. Yule aliyekuwa chini aliweka chuma chake kando, akaunganisha viganja naye, kifudifudi vilevile, matope usoni. Nilisimama. Ndivyo nilivyomzika.

Alinifikia karibu saa tisa. Alinishika kifundo cha mguu kwanza, kwa kiganja kizima, kama mtu anayeshika mguu wa meza isiyumbe. "Kalas, kwisha," akasema. "Sasa kanyaga hapa. Hapa. Hapa." Nilipofika kwenye mawe mpishi alinipiga kofi, kisha akanikumbatia.

Adhabu ilikuwa ya haki. Nilizuiwa kambini wiki tatu mpaka uchunguzi uishe, bila kazi na bila likizo. Msiba wa watu wa Juba ulikaliwa siku zake ukaisha, mikeka ikakunjwa, na mimi nikiwa ndani ya uzio uleule. Wanawake wa vijijini walikuja kuuliza kama ni kweli yule mwalimu wa mawe alivuka mawe. Nilijificha hemani.

Siku ya saba tangu kifo, yule kiongozi alikuja kuniita asubuhi. Kwenye hema lao walikuwa na sanduku tupu la mbao lililogeuzwa meza, juu yake picha ndogo ya Buddha na kopo la mchanga la kuchomekea udi. Kwao, alisema, siku ya saba hufanywa jambo jema kwa niaba ya aliyekufa, kisha wema ule anapewa yeye. Aliuliza yule mtu alipenda nini.

"Chai," nikasema. "Sukari vijiko sita."

Hakucheka. Akapika chai ile mwenyewe, tukaipeleka kwa walinzi wa zamu ambao walikuwa wamekesha na mvua. Kisha akanipa chupa ya maji na bakuli, nikamimina polepole huku yeye na wenzake wakisema maneno ya lugha ya zamani. Mimi ni mtoto wa kanisa. Nikajisomea Baba Yetu kimoyomoyo ili nisiwe nimekosea upande wowote. Nilipompigia mama simu Kenya kumweleza, aliuliza, "Ulimwaga maji tu?" Nikasema ndiyo. "Basi maji ni maji," akasema. "Maskini yule kijana."

Lakini msiba haukuishia hapo. Redio ilikuwa inarudia vipindi vyake, na mpishi alikuwa amenirekodia vitano kwenye kaseti. Nilikuwa sina kazi. Nilivisikiliza tangu kifungua kinywa. Yule kiongozi alipita siku moja, akasimama mlangoni.

"Mara ngapi leo?"

"Tisa."

"Mara ya tisa iko tamu?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Sasa, ya kumi ya nini?"

Nikakasirika. Nikamwambia hakumjua, kwamba sauti ile ndiyo kitu pekee nilichobakiwa nacho. Alikaa chini kwenye tope la mlangoni, bila haraka. Alisema jambo ambalo nililitafsiri kwa Kibari, kwa Kiarabu, kwa lugha zangu zote nilipobaki peke yangu, nione kama kuna lugha moja ambamo litakuwa uongo.

"Wewe nataka mtu ile hapana kufa. Hiyo mtu hakuna. Ile wewe ulipenda iko na kufa ndani, toka siku ya kwanza. Siku anachekesha mama yako, kufa iko ndani. Na ulipenda. Sasa penda hivyo hivyo."

Sikumshukuru. Nilizima kaseti baada ya yeye kuondoka, nikaiwasha tena jioni, nikaizima katikati. Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa siku nyingi.

Waliponiachia, nilikwenda Juba, na shangazi akanipeleka kwa mjane wa yule mchekeshaji. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia, anafua nguo uani. Nilimweleza yote: mawe, Wakambodia, chai ya vijiko sita. Alisikiliza huku akikamua shati. Kisha akaanza kutabasamu, akafunika uso kwa mkono wenye povu.

"Dada," akasema, "mume wangu alikuwa hali sukari kabisa. Kikombe kile kilikuwa na maji. Vijiko vile ni mchezo."

Tulitazamana. Shangazi ndiye aliyeanza. Tulicheka watatu pale uani mpaka jirani akachungulia juu ya uzio wa matete, na mjane alipoanza kulia tukiwa bado tunacheka hakuna aliyejaribu kutenganisha hayo mawili. Kumbe sikuwahi kumjua. Nilimpenda mtu aliyetengenezwa kila Jumamosi na kuvuliwa pamoja na buti. Kwenye gari la kurudi nilitafuta uchungu wa kudanganywa, sikuupata.

Kiongozi wa kikosi aliondoka kiangazi kilipoanza, kikosi kingine kikaja. Siku ya mwisho nilimwuliza kama mama yake aliwahi kuacha kumfinyangia tonge yule mwimbaji. Akasema hapana, mpaka alipokufa. "Lakini mwisho nafanya haraka," akasema, "kama kupiga mswaki." Akanipa mkono kama khawaja, kisha akakumbuka, akaunganisha viganja.

Mkataba wangu haukuongezwa. Nilihamia kwa shangazi Atlabara nikafundisha Kiingereza watu wazima. Kuta za mji nazo zilikuwa kuta: chumba kimoja, lugha ambazo bado zilinisaliti, tetesi za vita kila wiki. Asubuhi kabla ya kazi nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba na kuhesabu pumzi. Siku nyingi nilipata mbu tu.

Habari zilimfikia mchungaji wetu. Akaniita baada ya ibada, akaniuliza kama ni kweli nakaa macho yamefumbwa, na kama ninapokaa hivyo ninaomba.

"Hapana, Baba," nikasema. "Nakaa tu."

Alikuna ndevu, wala hakunikemea. Kisha akasema Jumamosi kuna arusi, na watu wa kupanga viti hawatoshi. Nikaenda kupanga viti.